Mlima wa Kuonea Bahari

Uongo wangu wa kwanza kuhusu ule mlima niliusema nikiwa na sahani ya supu mkononi. Bwana Shamba, Mjerumani niliyekuwa nampikia pale Ifakara, alikuwa amekaa barazani akitazama milima ya Udzungwa jua likitua. Akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha kukatakata, mtu akifika juu kabisa anaona nini. Mtu mwenye akili angejibu, "Sijui, Bwana." Mimi nikasema, "Anaona bahari."

Sijui niliutoa wapi. Maishani mwangu sikuwa nimepanda kitu chochote kirefu kuliko kichuguu. Ila nilikuwa nimekaa pwani miaka mitatu nikijifunza upishi, na kwa kuwa jikoni pale hakuna mwingine aliyewahi kuiona bahari, niliihesabu kuwa ni yangu. Mazungumzo yaanzie kwenye mpunga, kwenye kambale, kwenye mvua, mimi nitayafikisha baharini tu. Nilipika nimevaa kanzu. Kila nikisema maneno mawili natia "ati" katikati, ili watu wajue nimetoka mbali. Mndamba niliyezaliwa na kukulia kwenye majaruba ya Kilombero, lakini ungeniona ninavyotembea ungedhani mama alinizalia forodhani.

Bwana Shamba akaweka kijiko chini. "Bahari? Ni mbali sana."

"Hewa ikiwa safi, Bwana. Kiangazi kama hiki."

Basi nilikuwa nimeyataka mwenyewe. Alikuwa amepewa likizo ya siku kumi, na wenzake wote walikuwa wanaikimbilia pwani kuogelea. Yeye alikuwa amechoshwa na mbu na pamba, hataki hata kuwaona hao wenzake. Akaniambia hivi: angepanda mlima mzima, alale kwenye hema, ale chini ya miti, na siku ya mwisho aitazame bahari kutoka juu, akiwacheka walioko ndani yake. Akaleta ramani. Mahali penye milima palikuwa peupe, hapana hata mstari. "Wewe njia unaijua?" akauliza.

"Njia hiyo? Hata nikifumba macho nafika."

Sasa niseme ukweli, maana si majivuno peke yake yaliyoniponza. Nilikuwa na dada. Vita vya Maji Maji vilipofika bondeni kwetu, mume wake alikunywa ile dawa akaenda na wenzake, asirudi. Mimi wakati huo nilikuwa wapi? Jikoni. Wanaume wa rika langu wanapigwa risasi, mimi naonja chumvi kwenye uji wa askari. Vita vikaacha moto, moto ukaacha njaa. Dada akamfunga mtoto wake mgongoni, katoto ka kike ambako hata kusema kalikuwa hakajajua vizuri, akapanda mlimani pamoja na waliokuwa wanakimbia. Wengi walirudi. Yeye hakurudi.

Ilikuwa sasa imepita miaka saba, na mama yetu, aliyekuwa anakaa Lipangalala, hakuwa na wimbo mwingine. Nikienda kumsalimia, kabla shikamoo haijanitoka mdomoni, ananiambia, "Niletee neno. Wako hai au hawako, yeye na mtoto. Nikijua nitalala." Nami kila mara namjibu kwamba nashughulikia, na kisha narudi kushughulikia vitunguu vya Bwana.

Warina asali ndio walioleta fununu. Walisema kwamba huko juu ya kijiji cha Mchombe, nyuma ya mgongo wa pili wa mlima, kuna watu wamejificha toka vita. Hawajulikani na jumbe yeyote, hawalipi kodi, na wakiona mtu aliyevaa nguo nzima wanatoweka. Wanawake wao, walisema, wanaongea kama sisi. Lakini ningefikaje huko? Mtumishi wa Mzungu hatoki Ifakara bila cheti. Nikienda peke yangu ni mtoro, natandikwa. Nikienda na Bwana mwenyewe, naongozana na cheti chenye miguu miwili.

Hatari niliiona, sikuwa mjinga kiasi hicho. Mzungu akiwaona wale watu, watateremshwa wote kwenye kamba moja na kupelekwa kulimishwa pamba, dada yangu akiwa wa mbele. Kwa hiyo nilijitungia mpango. Tutapiga kambi kwenye mgongo wa kwanza. Bwana nitamkalisha na darubini yake aisubiri bahari. Mimi nitaaga naenda kumtafutia asali, nitavuka hadi mgongo wa pili, nitamwona dada, nitamwachia salamu za mama, na nitakuwa nimerudi kabla nyama haijaiva. Niliupenda sana mpango huo. Nililosahau kuliweka ndani yake ni hili tumbo langu kubwa.

Wiki nzima tukapanga mizigo. Bwana alitaka hema, meza, viti viwili ingawa mtu ni mmoja, bunduki ya marisau, wavu wa vipepeo, chupa za mvinyo, na bafu lake la bati, refu, lenye mishikio minne na kifuniko, ambalo safarini lilitumika kama sanduku la nguo. Mimi nilitaka sufuria saba. Akaniuliza kwa nini saba. Nikamwambia mlimani moto una tabia nyingine. Akakubali! Jioni nilikuwa nafanya mazoezi: napanda kichuguu cha nyuma ya jiko, nashuka, napanda tena, kuku wananitazama.

Kazi ikawa kupata wapagazi. Nikawaita wanaume uwanjani. Mzee mmoja mrina asali, niliyemhitaji kuliko wote, akauliza swali la haki kabisa: "Bwana anakwenda kule kufanya nini?"

Kwetu mtu husafiri akiwa na sababu. Anafuata chumvi, anafuata mke, anakwenda vitani, anakwenda kuzika. Kupanda mlima halafu kushuka ulivyo, hilo sikuwa na neno lake. Nikatumia lile alilolitumia Bwana mwenyewe. Nikasema, "Anakwenda kupumzika."

Mmoja akavua kofia.

Ningepaswa kujua. Kiswahili watu wengi pale walikuwa wanakipatia misheni, na neno kupumzika padre alikuwa analitamka mahali pamoja tu: kaburini, anapomaliza kumwombea marehemu apumzike kwa amani. Mimi na upwani wangu nilikuwa nimeshasahau.

"Anaumwa nini?" akauliza mzee.

"Haumwi."

"Basi siku yake ameijuaje?"

"Ameandikiwa na wakubwa. Siku kumi."

Wakatazamana. Mzee akalielekeza kidole lile bafu la bati lililokuwa linaanikwa juani. "Na hilo ni lake?"

"Lake."

"Amelipima?"

"Linamtosha vizuri," nikasema, nikajiona mjuzi. "Hulala humo kila Jumamosi."

Lo! Mzee akashika kichwa. Kesho yake asubuhi wanawake wakaanza kuja jikoni, mmoja baada ya mwingine, na mayai, na unga, na kuku mzima. "Pole, baba," wananiambia. "Pole kwa mtihani." Mimi nikadhani wanahurumia miguu yangu. Nikapokea kila kitu, mayai nikayala. Nilipokuja kuelewa kwamba Ifakara nzima inamlilia Bwana Shamba, ambaye wakati huo alikuwa anapiga mluzi akisafisha bunduki, wapagazi walikuwa wamekwisha jitokeza kumi na wawili badala ya wanane, bila kusukumwa. Kubeba msiba nani atakataa? Nikaona ya nini kuwasahihisha. Nikaacha hivyo hivyo.

Tukafuata njia ya chini ya milima hadi Mchombe siku mbili, kisha tukaanza kupanda. Nilimweka mrina asali mbele, nikamwambia Bwana kwamba kazi yake ni kuondoa utando wa buibui. Akipinda kushoto, mimi nyuma napaza sauti, "Kushoto!" Baada ya muda mfupi hata hiyo "kushoto" ilinishinda, pumzi hazifiki. Kanzu ilichanika siku hiyo hiyo. Bwana alikuwa anapanda huku anaimba, amenawiri, uso mwekundu, na wapagazi wanamtazama kwa huzuni: wanaona anavyojikaza. Mimi nilivutwa kwa mkono mahali pengi, na mahali pamoja, nakiri, nilisukumwa kwa nyuma na mwanaume aliyekuwa amebeba hema kichwani.

Siku ya nne tukafika kwenye mgongo wa kwanza. Bwana akasimama juu ya jiwe na darubini yake. Nyuma yetu bonde lote lilikuwa chini, mto unajikunja katikati ya nyasi. Mbele yetu kulikuwa na korongo lenye msitu, na ng'ambo ya korongo, mgongo wa pili, mrefu kuliko huu.

"Bahari iko wapi?"

"Imefunikwa, Bwana."

"Imefunikwa na nini?"

Nikatafuta ukungu, hapakuwa na ukungu. Nikatafuta wingu. "Na... huo mlima," nikasema.

Akanitazama, nami nikazitazama sufuria zangu. Kisha akacheka, akanigonga begani. "Basi tupande ule."

Mgongo wa pili ndio wenyewe, na nyuma yake yuko dada, kama yuko. Nikajaribu asali. Nikasema Bwana apumzike, mimi nitatangulia kumtafutia asali tamu ya huko. Akasema vizuri sana, hata yeye anapenda asali, twende wote. Nikasema kuna nyoka. Akachukua bunduki. Nikasema chakula kitachelewa. Akasema yuko likizo. Ala! Mtu niliyempikia miaka minne, ambaye hata akichelewa dakika tano huandika barua ya kuomba radhi, siku hiyo alikuwa hazuiliki.

Mizigo ikabaki kambini, isipokuwa bunduki na wavu wa vipepeo. Tukateremka korongoni Bwana, mimi, mrina asali na wapagazi wawili, kisha tukaanza kupanda upande wa pili. Tulikuwa karibu kufika juu nilipousikia mchi.

Mtu aliyekulia kwetu hababaiki na sauti hiyo, ni mwanamke anatwanga. Lakini huyu alikuwa anapiga mara tatu ndani ya kinu, kisha anagonga ukingo mara moja. Tu, tu, tu, ta. Tu, tu, tu, ta. Mama naye ndivyo anavyotwanga, na bibi kabla yake, na majirani walikuwa wanawacheka kwamba ukoo wetu unatwanga kinu badala ya mahindi. Sauti ilikuwa inatoka nyuma ya miti, karibu mno, na korongo linairudisha. Nilisimama. Machozi yalinitoka papo hapo, sikuyaona yakija. Dada yangu alikuwa hai, ana mahindi, na mimi nimemletea Mzungu mwenye bunduki hadi mlangoni.

Bwana naye akasimama. "Nini hiyo?"

Wapagazi wakatazama chini. Walijua vizuri ni nini.

"Ndege," nikasema.

"Ndege gani?"

"Anaitwa kitwangi, Bwana."

Mnaona nilivyo. Nilikuwa na majina yote ya duniani ya kuchagua, nikachagua lenye kinu na mchi ndani yake. Mrina asali akageuka akaanza kukohoa. Lakini heri yangu, Bwana hakulijua neno kutwanga. Unga ulikuwa unamfikia umekwisha kuwa mkate. Akatoa daftari. "Ki-twa-ngi," akaandika. "Mkubwa?"

"Kama kuku. Kumzidi kuku."

"Rangi?"

"Mweusi."

"Anakula nini?"

"Mahindi," nikasema, maana akili ilikuwa imeganda hapo hapo kinuni.

"Mahindi? Juu ya mlima?"

"Ndiyo maana ni adimu, Bwana."

Nilidhani nimemaliza. Kumbe ndio nimemtia hamu. Akafunga daftari, akatia marisau kwenye bunduki, akaweka kidole mdomoni tunyamaze, akaanza kunyata kuelekea kule kwenye sauti. Hatua moja, ya pili, ya tatu. Mchi unaendelea. Dada hakusikia lolote, maskini, alikuwa anatwanga zake.

Sikufikiri. Nikajitupa.

Nilikusudia kuteleza hatua mbili tatu, nikae, nishike mguu, nilie. Mteremko haukuafiki. Nilibiringika kama boga hadi kwenye mizizi ya mti, na pale nilipopanga kujifanya nimeumia mguu, mguu wenyewe ukaona hakuna haja ya kujifanya. Maumivu yalikuwa ya kweli na nilitia kelele za kweli. Kwa Kiswahili nililia, "Mguu wangu! Nakufa, Bwana, mguu!" Halafu kwa Kindamba, kwa sauti ile ile, huku najigaragaza, nikalia, "Mama yu hai! Yuko Lipangalala! Anakuulizia! Usitoke, hapa kuna Mzungu na bunduki!" Kisha mguu tena. Kisha mama tena.

Mchi ukanyamaza.

Nikaendelea kulia hadi mrina asali alipoinama kama anaupima mguu, akaninong'oneza, "Inatosha, wamesikia."

Bwana alikuwa amerudi mbio. Akapiga magoti, akanifunga mguu kwa kitambaa chake cha shingo, anasema pole, pole, mpishi. Mikono yake ilikuwa ya upole, na ndiyo iliyokuwa inaandika majina ya watu wa kuchapwa viboko kwenye pamba. Mpaka leo sijui nimweke wapi mtu yule. Aligeuka mara moja kuutazama msitu uliokuwa kimya. "Kitwangi ameruka," akasema, akauweka wavu wa vipepeo begani. Sijui pia kama aliniamini. Hakuniuliza tena, si juu ya ndege, wala juu ya bahari.

Sasa nitateremshwaje? Machela hapakuwa, na mwili wangu hakuna mgongo uliokuwa tayari kuubeba. Bwana akaamuru lile bafu la bati likachukuliwe kambini, litolewe nguo. Nikalazwa ndani, wanaume wanne wakashika mishikio, na likizo ya Bwana Shamba ikaishia hapo. Siku nne nililala chali natazama matawi na makwapa ya wabebaji. Walinitusi kila kona. Sufuria saba nazo zilirudi, sita hazikuguswa na moto.

Ifakara tuliingia alasiri. Jua lilikuwa kali, nikajifunika uso kwa kile kilichobaki cha kanzu. Hapo ndipo nilipokumbuka, na nilikuwa nimechelewa. Watu walikuwa wanalingojea lile sanduku toka siku tuliyoondoka. Wanawake wakapiga yowe. Halafu mmoja akamwona Bwana Shamba anatembea nyuma na wavu wake, mzima, anakula embe, na yowe likabadilika: "Kumbe ni mpishi! Mpishi ndiye aliyepumzika!" Sauti ikakimbia mbele yetu hadi Lipangalala, mama yangu akaja anajitupa, kilemba kimemvuka.

Nikainuka ndani ya bati. "Shikamoo, mama."

Uwanja mzima ukatawanyika, wengine waliacha viatu. Mama peke yake hakukimbia. Marahaba hakuniitikia, alinipiga kofi. Toka siku hiyo watoto wa Ifakara waliniita Marehemu, na hata wakubwa walipokuja kunialika kupika harusini walikuwa wanauliza nyumba ya Marehemu iko wapi.

Nyumbani mama akawafukuza watu wote, akaweka mguu wangu kwenye kigoda, akaanza kuukanda kwa maji ya moto bila huruma yoyote. "Haya, sema."

"Sikumwona, mama."

Mikono yake ikasimama.

"Nilimsikia. Alikuwa anatwanga." Nikamgongea ubavuni mwa kigoda: tu, tu, tu, ta.

Mama alifumba macho. "Ni yeye," akasema. Kisha akauliza kwa sauti ndogo sana, "Na mtoto?"

Safari yote ile, uongo wote ule, na nusu ya neno alilolitaka sikuwa nayo. Niliona aibu kuliko nilivyoona nilipolala ndani ya bafu. "Mtoto sikumsikia, mama. Hakuna aliyelia, hakuna aliyeita. Mchi wake tu, na mwangwi."

"Mwangwi gani?"

"Wa korongoni. Akipiga, kule kunarudisha. Mwepesi, unafuata nyuma kidogo. Mara nyingine unachelewa, mara nyingine haurudi kabisa."

"Na ukingo? Mwangwi wako ulikuwa unagonga ukingo?"

Nikafikiri. "Ulikuwa unagonga. Lakini kabla ya wakati. Unapiga mbili, halafu unagonga."

Mama akaachia mguu wangu ukaanguka ndani ya maji. Akajiziba mdomo kwa pindo la kanga, mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, na alikuwa analia, lakini alikuwa anacheka pia.

"Mpumbavu wewe," akasema. "Mwangwi tangu lini ukakosea kuhesabu? Huyo ni mtoto anafundishwa kutwanga."